Je, Wajua? Nyundo ya Dalali Haimtoi Mtu Nyumbani

Je, wajua kwamba nyumba ya kupangisha ikipigwa mnada mjini Kisii, unachonunua ni hati wala si ufunguo? Masharti ya mnada kwa kawaida husema hivyo waziwazi, kwenye kurasa ambazo wazabuni wengi hawazifiki: mali inauzwa jinsi ilivyo na pale ilipo, na benki haiahidi kukukabidhi ikiwa tupu. Aliyemo ni wako. Ndiyo maana ploti ya vyumba kumi kule Mwembe au Jogoo inaweza kutangazwa kwa bei ya kutamanisha, ikakosa mnunuzi, ikarudi gazetini tena.

Je, wajua kwamba mwenye nyumba wa zamani amekuwa na karibu miezi saba ya kujiandaa kabla wewe hujaliona hilo tangazo? Tuhesabu. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema mkopaji akipitisha mwezi mmoja bila kulipa, mkopeshaji anaweza kumpa notisi ya muda usiopungua miezi mitatu ili alipe. Asipolipa, kifungu cha 96 kinataka notisi nyingine ya siku 40 kwamba mali itauzwa. Kisha dalali naye, kwa mujibu wa Kanuni za Madalali za 1997, anampa siku 45 za kukomboa mali yake. Baada ya hapo ndipo tangazo linaingia gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Zikifuatana moja baada ya nyingine, hizo ni karibu siku 220. Mtu aliyezipokea barua zote hizo na bado anakunywa chai sebuleni hatababaishwa na barua yako ya kwanza.

Je, wajua kwamba notisi ya siku 40 haiishii kwa mkopaji? Sheria inataka nakala zimfikie mpangaji, mke au mume aliyetoa ridhaa, mmiliki mwenza, mdhamini, mkopeshaji mwingine mwenye rehani juu ya ardhi hiyo hiyo, na yeyote anayejulikana kuwa na haki ya kuingia na kuitumia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize dalali: wapangaji walipewa nakala? Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Wajua pia kwamba sheria haimjui "mtu asiyelipa"? Inawajua watu wa aina kadhaa, na kila mmoja ana mlango wake wa kutokea. Mwenye nyumba wa zamani ana wake. Mpangaji wa duka ana wake. Mpangaji wa chumba cha kulala ana wake, na huo nao hubadilika kulingana na kodi anayolipa. Mjomba wa mkopaji anayedai kwamba ardhi ni ya ukoo ana wake, na ndio mrefu kuliko yote. Mnunuzi anayefika na notisi moja ya kuwapa wote amepoteza karatasi.

Je, wajua kwamba mpangaji wa biashara asiye na mkataba wowote wa maandishi ndiye anayelindwa zaidi? Watu hudhani kinyume. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ile inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Na duka hapa ni neno pana: linamgusa hata kinyozi, fundi wa simu na yeyote anayetoa huduma kwa pesa. Chukua jengo la ghorofa moja karibu na soko la Daraja Mbili, chini maduka, juu vyumba. Kinyozi aliyeingia kwa kupeana mkono tu na mwenye nyumba, hata kama ana malimbikizo ya miezi sita, huwezi kumwambia ahame Jumatatu. Unampa notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu inayotambuliwa na sheria. Kutolipa kodi kwa miezi miwili tangu ilipostahili kulipwa ni sababu mojawapo, na kuchelewachelewa kulipa kila mara ni sababu pia. Lakini akipeleka malalamiko kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya notisi kuanza kufanya kazi, notisi yako inasimama hadi jopo liamue. Hata kumkamatia mali ili ulipwe kodi unahitaji idhini ya jopo kwanza. Tena usifikiri kwamba kwa kuwa hukuwa wewe uliyempangisha, ulinzi huo umeondoka na mwenye nyumba wa zamani. Mwenye nyumba, machoni pa sheria hii, ni yule mwenye haki ya kupokea kodi kwa wakati huo. Sasa ni wewe.

Kwa nyumba za kuishi, je, wajua kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, bado inawalinda wale ambao kodi yao ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi? Kiwango hicho kimezeeka, na mjini Kisii vyumba vingi vimekipita. Lakini ukitoka nje kidogo, kuelekea Nyamaiya, Ikonge au Nyamache, safu za vyumba vya mabati nyuma ya soko bado zinaweza kuangukia humo. Mpangaji kama huyo hatolewi bila amri ya jopo lake au ya mahakama, na mwenye nyumba anayemsumbua makusudi ili ahame anatenda kosa la jinai.

Je, wajua kwamba kung'oa mlango au kuezua mabati ni njia ya haraka ya kugeuka mshtakiwa katika kesi ambayo ungekuwa mlalamishi? Mbinu hii inajulikana vizuri huku kwetu, pamoja na ile ya kufunga maji na kukata stima. Hakimu atasikiliza habari ya mlango kabla hajasikiliza habari ya kodi.

Kwa mwenye nyumba wa zamani aliyegoma, kifungu kinachokuhusu ni cha 152E. Kiliingizwa katika Sheria ya Ardhi na marekebisho ya 2016. Ukiona kuna mtu anakaa kwenye ardhi yako bila ridhaa yako, unampa notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kumfurusha. Nakala inakwenda kwa naibu kamishna wa kaunti anayehusika na eneo hilo, na nyingine kwa mkuu wa polisi wa eneo. Wakiwa kundi kubwa, notisi inachapishwa katika magazeti mawili ya taifa na kubandikwa mahali pasipopungua patano. Naye aliyepewa ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu, na mahakama inaweza kuithibitisha notisi, kuibadilisha au kuisimamisha. Miezi mitatu hiyo haianzi siku ya mnada. Mwanasheria makini ataisubirisha mpaka jina lako liwe limeingia kwenye sajili ya ardhi, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni: wewe ni nani hapa?

Je, wajua kwamba notisi hiyo lazima iseme jambo kuhusu mimea iliyo shambani? Sheria inataka uandike masharti ya kubomoa vibanda na kuvuna mazao. Mjini hili si kitu. Nyamira ni kitu kikubwa. Mahindi yana msimu: yatavunwa, mtaachana. Majani chai hayana mwisho, huchumwa na kuchipuka mwaka mzima, na aliyeyapanda atakwambia ndiyo yanayomlipia mtoto karo. Ukinunua nyumba ya kupangisha kule Kebirigo au Nyansiongo ambayo nyuma yake kuna nusu ekari ya chai, andika kwenye notisi siku ya mwisho ya kuchuma. Usipoandika, utakuwa unalala kwenye nyumba yako huku mtu mwingine akibeba kikapu kwenda kituo cha kununulia majani.

Msongamano nao una lake. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na 605,576, kama 675 kwa kilomita mraba. Ardhi ikiwa finyu hivyo, anayefurushwa hana kipande kingine cha kuhamia, na ndugu zake hawana cha kumwazima. Katika Borabu, ambako mashamba ya walowezi yaligawanywa kuwa makazi baada ya uhuru, vipande ni vikubwa kiasi na hadithi huwa tofauti. Kwingineko, ukaidi wa aliyemo una sababu ya tumbo.

Je, wajua kwamba mnada unaweza kukosa mzabuni hata mmoja wa karibu, ilhali kila jirani ana hamu na hiyo ardhi? Boma lenye makaburi ya familia hununuliwa na mtu wa mbali au halinunuliwi kabisa. Benki huliona hili kama kasoro ya soko. Wazee wa Kitutu au Bobasi watakuambia ni adabu. Msimamo wa mahakama za Kenya, uliorudiwa katika kesi nyingi, ni kwamba ardhi ikishawekwa rehani imekuwa bidhaa ya kuuzika, na machungu ya moyoni hayazuii mnada. Msimamo huo ni sawa kisheria. Lakini hautakulindia ua wako usiku, na mimi nisingemshauri mtu yeyote aanze maisha ya ulandilodi kwa kununua ardhi yenye kaburi la baba ya mtu. Nunua ploti ya mjini.

Na hata ploti ya mjini, je, wajua kwamba Mahakama ya Juu mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru ya Isack M'Inanga Kiebia na Isaaya Theuri M'Lintari, ilisema amana ya kimila ni haki inayoifunga ardhi iliyosajiliwa hata kama haikuandikwa kwenye hati? Isitoshe, anayedai halazimiki kuwa anaishi humo. Ardhi nyingi za pembezoni mwa mji wa Kisii zilikuwa shamba la babu mmoja miaka michache tu iliyopita. Muulize chifu, muulize mzee wa kijiji, na umuulize mama anayeuza ndizi barabarani: ploti hii ni ya kina nani? Sajili haitakuambia.

Je, wajua kwamba rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mke au mume anayeishi humo ametia sahihi au kuna ushahidi kwamba ameridhia? Ni kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi, na kinasema wote wanaohusika, si mmoja. Mwenye wake wawili katika boma moja aliyepeleka benki sahihi ya mmoja ameacha shimo ambamo mnunuzi atatumbukia. Utasema unanunua vyumba vya kupangisha, si nyumba ya ndoa. Lakini landilodi wengi wa Kisii huishi kwenye ploti yao wenyewe: vyumba tisa vina wapangaji, cha kumi na sebule yake ni cha mama watoto. Angalia huyo wa kumi ni nani.

Mikataba inayozuka ghafla. Siku chache baada ya mnada, mwenye nyumba wa zamani anaweza kukutolea mkataba wa miaka mitano aliompa shemeji yake, kodi imelipwa yote mapema. Je, wajua kwamba kwa kawaida mkopaji aliyeweka ardhi rehani hana ruhusa ya kuipangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila ridhaa ya maandishi ya mkopeshaji? Ni sharti ambalo sheria yenyewe inalitia ndani ya kila rehani. Iombe benki hiyo ridhaa. Isipokuwepo, shemeji ana kazi ngumu.

Je, wajua kwamba nyundo ikishagonga, mkopaji hawezi tena kukomboa nyumba hata akija na gunia la pesa? Anaweza kulipa na kuokoa mali wakati wowote kabla ya kuuzwa, si baada. Ndiyo maana asubuhi ya mnada simu za madalali huwa hazitulii, na ndiyo maana mnada uliousafiria kutoka Nairobi usiku kucha unaweza kuukuta umefutwa.

Pesa. Masharti ya benki nyingi hutaka arbuni ya asilimia 25 papo hapo nyundo inapogonga na salio ndani ya siku 90. Mnada wa mahakama, ule wa kutekeleza hukumu ya deni, ni mkali zaidi: asilimia 25 hapo hapo, salio ndani ya siku 15. Ukikosa salio, arbuni inakwenda. Na benki yako ya kukukopesha haitakuwa na haraka hiyo, hasa ikisikia kuna mtu ndani.

Je, wajua kwamba mnunuzi wa mnada halazimiki kuchunguza kama kweli mkopaji alishindwa kulipa, au kama notisi zilitolewa sawasawa? Kifungu cha 99 kinamlinda. Aliyeumizwa na mnada wenye kasoro anadai fidia kwa aliyeuza, si nyumba kutoka kwako, ila tu kama kulikuwa na ulaghai na wewe ulijua au ulipaswa kujua. Ni ulinzi mzuri sana kwenye karatasi. Tatizo ni muda. Mkopaji akipata zuio la mahakama kabla hujasajiliwa, arbuni yako inakaa benki, salio limetengwa, na wewe unasubiri tarehe ya kesi nyingine baada ya nyingine. Uganda walijaribu dawa nyingine: Kanuni za Rehani za 2012 zinairuhusu mahakama kumtaka anayepinga mnada aweke kwanza asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya haraka, au ya deni lililobaki. Kenya hakuna sharti la jumla kama hilo. Hapa anayetaka zuio anapimwa kwa vigezo vya kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973: awe na kesi yenye mwelekeo, aonyeshe hasara isiyofidika kwa pesa, na pakiwa na shaka mizani ipimwe.

Hoja mbili ndizo utakazozisikia zaidi katika maombi hayo. Ya kwanza ni bei. Kifungu cha 97 kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayowezekana, na ikishuka kwa robo au zaidi chini ya bei ya soko, anahesabiwa kuwa amekiuka wajibu mpaka athibitishe vinginevyo. Bei ya chini ya mnada lazima itokane na ripoti ya mthamini isiyozidi miezi 12. Kwa hiyo usishangilie mno ukipata nyumba kwa nusu bei. Umempa wakili wa mwenzako kazi. Ya pili ni riba. Tangu 2007 kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya mkopo uliokwama kupita kiasi cha deni la msingi lililokuwepo ulipokwama. Ugomvi huo ni wa mkopaji na benki, lakini wewe ndiye utakayekuwa umesimama mlangoni ukisubiri waumalize.

Je, wajua kwamba unaweza kushinda kesi katika mahakama isiyostahili na ukawa hujashinda kitu? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Co-operative Bank na Patrick Kangethe Njuguna, ilisema mizozo ya hesabu za rehani ni ya Mahakama Kuu, si ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kumtoa mtu kwenye ardhi yako, hilo ndilo la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inakaa Kisii na Nyamira pia. Mali ikiwa haizidi Sh20 milioni, hakimu mkuu anaweza kuisikiliza, na foleni yake huenda ikawa fupi. Mwombe pia akuamulie fidia ya muda ambao mtu amekaa kwenye nyumba yako bila haki. Kulipwa ni hadithi nyingine, kwani aliyeshindwa kulipa benki hana akiba ya kukulipa wewe.

Jina la ardhi lenyewe linasema mengi. Ukiona Kisii Municipality/Block, uko mjini. Ukiona Central Kitutu/Daraja Mbili au Nyaribari Chache/B/B/Boburia, hiyo ni sajili ya mashambani hata kama kuna lami mlangoni. Muulize wakili kama panahitajika kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ushuru wa stempu ni upi: asilimia 4 kwa mijini, 2 kwa mashambani. Tofauti hiyo kwenye nyumba ya Sh8 milioni ni Sh160,000. Ushuru wa ardhi wa kaunti nao unatakiwa usafishwe kabla ya uhamisho. Kule Keroka, mji uliokatika katikati ya Kisii na Nyamira na ambao kaunti hizo mbili zimeuvutania kwa miaka, hakikisha unajua ni kaunti gani inayokudai.

Je, wajua kwamba hati iliyokubaliwa na benki si lazima iwe safi? Mahakama ya Juu, Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hati iliyotokana na ugavi haramu haimfai hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Fuata historia ya ploti mpaka ilipotoka. Kama zamani ilikuwa ya barabara, ya soko au ya shule, ondoka.

Nje ya nchi? Marekani ina sheria ya 2009, iliyofanywa ya kudumu 2018, inayompa mpangaji halali notisi ya siku 90 nyumba ikitwaliwa na mkopeshaji. Uingereza, tangu 2010, mpangaji ambaye benki haikumjua anaweza kuomba miezi miwili ya kujipanga. Kenya, kama ulivyoona, haiko mbali sana na hapo kwenye vitabu. Tofauti iko kwenye muda wa kesi.

Sasa la kufanya. Tembelea ploti kabla ya mnada, tena zaidi ya mara moja. Kama iko karibu na Chuo Kikuu cha Kisii na wapangaji ni wanafunzi, nenda muhula ukiwa umefunguliwa. Wakati wa likizo utaona milango imefungwa na kudhani ni tupu. Zungumza na mtunzaji wa ploti. Yeye ndiye anayejua nani analipa, nani halipi, na nani ni binamu. Waombe wapangaji wakuonyeshe ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya miezi ya karibuni: utajua kodi halisi ni ngapi na inaingia kwa nani. Uliza pia kuhusu arbuni waliyoiweka walipoingia, kwa kuwa siku ya kuhama wataidai kwako. Ukishasajiliwa, waandikie wote barua yenye nakala ya hati na namba mpya ya kulipia, ili asiwepo wa kusema alimlipa yule wa zamani kwa kutojua.

Na kwa yule asiyelipa, fanya hesabu kabla ya kufanya kesi. Miezi mitatu ya notisi, kisha kesi, mawakili, dalali wa kutekeleza amri na askari wa kusimamia. Mara nyingi ni nafuu kumpa pesa za lori na kodi ya mwezi wa kwanza kule anakohamia, kwa makubaliano yaliyoandikwa na wakili, nusu leo na nusu siku anapokukabidhi ufunguo. Wengi huona hii ni kumtuza mkaidi. Mimi naona ni sehemu ya bei ya nyumba, na ilipaswa kutolewa kwenye zabuni yako tangu mwanzo. Akikataa, nenda mahakamani mapema. Usikae kimya miaka: anayekaa wazi kwenye ardhi ya mtu kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kuidai iwe yake.

Je, wajua, mwisho, kwamba KRA haingoji ugomvi wenu uishe? Tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya pesa yote unayopokea, kwa landilodi anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, na ripoti yake ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi ambao hakuna mpangaji aliyekulipa hata senti, bado unatakiwa kuingia kwenye mtandao wao na kuandika sifuri.